Mafuta ya Usukuma: Historia ya Karne Moja

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Ilikuwa imekata mbuga za Shinyanga, nchi ya ng'ombe wengi na barabara chache, na sasa kilichokuwa kikiliwa nyumbani kiliweza kufika pwani kwa siku chache. Maziwa yenyewe yasingefika popote; kwa joto la Usukuma, yaliyokamuliwa alfajiri huwa yamechacha kabla jua halijazama. Samli ilifika. Kati ya vita kuu mbili, Idara ya Mifugo ya Tanganyika iliwahimiza wafugaji wa Jimbo la Ziwa watengeneze samli ya kuuza, na madebe yake yalikwenda kwa wanunuzi wa mijini na pwani ambao hawakuwahi kuikanyaga Shinyanga.

Mama aliyesukasuka maziwa kwenye kibuyu alikuwa akivunja kitu ambacho jicho tupu haliwezi kukiona. Mafuta ya maziwa huelea ndani ya maji katika vitone vidogo mno, na kila kitone kimevikwa utando mwembamba wa fosfolipidi na protini unaokizuia kuungana na jirani yake. Mtikisiko unaupasua utando huo, vitone vinashikamana, siagi inatokea. Siagi bado ina maji, takriban asilimia 16, na penye maji bakteria hupata pa kuishi. Ikichemshwa taratibu, maji hutoka, protini huzama chini ya sufuria na kuwa kahawia, na kinachoelea juu ni mafuta karibu matupu. Hiyo ndiyo samli, nayo hukaa miezi bila jokofu.

Mwenye ng'ombe alijua pia kwamba samli ya masika ni ya manjano kuliko ya kiangazi. Majani mabichi yana karotini, rangi inayoyeyuka katika mafuta na kukataa kuyeyuka katika maji. Ng'ombe akila nyasi mbichi, sehemu ya rangi hiyo huingia katika maziwa ikiwa imepanda juu ya mafuta. Mwaka 1913 huko Wisconsin, Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis waligundua kwamba mafuta ya siagi na ya kiini cha yai yana kitu ambacho panya hawakui bila kukipata. Kitu hicho baadaye kiliitwa vitamini A. Mwili huitengeneza kutokana na karotini, na macho huihitaji ili yaone gizani.

Swali la mafuta ni nini hasa lilikuwa limejibiwa karibu karne nzima kabla ya hapo. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1786 na kuishi hadi 1889, alichukua sabuni na mafuta ya wanyama akayatenganisha vipande kwa vipande, na mwaka 1823 akachapisha kitabu chake kikubwa. Alionyesha kwamba mafuta ya kawaida ni muungano wa gliseroli na asidi za mafuta. Leo muungano huo huitwa trigliseridi: molekuli moja ya gliseroli imeshika minyororo mitatu ya kaboni. Magadi makali yakichemshwa na mafuta, minyororo huachia gliseroli na kuwa sabuni. Chevreul ndiye aliyeitambua asidi ya butiriki katika siagi, mnyororo mfupi wa kaboni nne tu, ambao ukiachiliwa ndio unaoleta harufu kali ya siagi iliyoharibika. Na mapema zaidi, katika mawe ya nyongo, alikuwa amekipa jina kitu kisichogeuka sabuni hata kikichemshwa namna gani. Tunakiita kolesteroli.

Urefu wa mnyororo na namna kaboni zake zilivyoshikana ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu. Asidi ya palmiti ina kaboni 16, zote zimejaa hidrojeni, yaani imeshiba. Mnyororo wake umenyooka, hulala sambamba na mwenzake, na ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi. Asidi ya linoleiki ina kaboni 18, ni ndefu zaidi, lakini ina bondi maradufu mbili zinazoupinda mnyororo. Minyororo iliyopinda haipangiki vizuri, kwa hiyo linoleiki hubaki kimiminika hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Lakini bondi hizo hizo ndizo oksijeni inapoanzia kushambulia, na ndiyo maana mafuta ya maji huvunda haraka kuliko samli.

Upande wa Kahama na misitu ya miombo inayoelekea Tabora, mafuta ya aina nyingine yalikuwa yakitoka kwenye mizinga. Nta ya nyuki ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje tangu enzi za Wajerumani. Sehemu kubwa ya nta hiyo ni asidi ya palmiti ileile, ila badala ya gliseroli imeungana na pombe yenye mnyororo mrefu mno. Matokeo yake ni kitu kigumu, kisichopitisha maji, ambacho wanyama wengi hawawezi kukimeng'enya. Nyuki hujengea nyumba, mimea hujipaka nta ya namna yake juu ya majani ili jua la Septemba lisiinyonye.

*

Pamba ilibadili kila kitu. Wajerumani waliianzisha kama zao la biashara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaisukuma, na katika miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilianza kazi karibu na Mwanza. Wakulima walilima, wakapeleka kwa wenye viwanda vya kuchambua, wengi wao wafanyabiashara wa Kiasia, na malalamiko kuhusu mizani yakawa makubwa kiasi cha kuzaa vyama. Paul Bomani aliyaongoza mapambano hayo, na mwaka 1955 vyama vya msingi viliunganishwa katika Victoria Federation of Co-operative Unions.

Historia hiyo husimuliwa sana kwa upande wa nyuzi. Yafaa isimuliwe pia kwa upande wa mbegu, kwa sababu katika kila kilo tatu za pamba mbegu anazopima mkulima, karibu kilo mbili ni mbegu zenyewe, na takriban sehemu ya tano ya uzito wa mbegu ni mafuta. Mkulima alilipwa kwa kilichokuwa kwenye mizani, lakini mbegu ilibaki kiwandani na mafuta yake yakafuata njia yake. Huo ni uchungu halisi wa zao hili: nchi iliyofunikwa na mmea wa mafuta, na jioni mama anatuma mtoto dukani akanunue mafuta.

Jambo moja halikuwa kosa la mwenye kiwanda. Mbegu ya pamba haikamuliki nyumbani na kuliwa hivihivi kama karanga. Ina gosipoli, rangi ya manjano yenye sumu iliyokaa katika tezi ndogo nyeusi, nayo ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Huko China, familia zilizopikia mafuta ghafi ya pamba zilikuta wanaume wao hawazai. Wanasayansi walipobaini sababu, waliijaribu gosipoli kwa maelfu ya wanaume katika miaka ya 1970 kama dawa ya uzazi wa mpango, kisha wakaiacha kwa madhara yake. Ili mafuta ya pamba yalike, lazima yasafishwe kwa magadi, ambayo huiondoa gosipoli pamoja na asidi za mafuta zilizoachana na gliseroli. Tope linalobaki ni malighafi nzuri ya sabuni. Kwa hiyo penye kiwanda cha kusafisha mafuta ya pamba, sabuni ya mche haiko mbali.

Yakishasafishwa, mafuta hayo yana sifa ya kujivunia. Zaidi ya nusu yake ni asidi ya linoleiki. Mwaka 1929 na 1930 huko Minnesota, George na Mildred Burr waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta hata chembe. Ngozi ikatoka magamba, mikia ikaharibika, wakafa mapema. Matone machache ya mafuta yenye linoleiki yaliwaponya. Mwili wa mnyama hauwezi kuweka bondi maradufu mahali pale zinapohitajika katika linoleiki, kwa hiyo lazima iletwe na chakula, na kutokana nayo mwili hutengeneza vijumbe vinavyoongoza uvimbe, kuganda kwa damu na uchungu wa kuzaa.

Ngokolo, kata ya Manispaa ya Shinyanga, inajulikana na Wakatoliki wa jimbo lote kwa sababu Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma liko hapo. Mafuta yana nafasi yake huko pia. Kwa karne nyingi Kanisa lilidai mafuta ya zeituni kwa sakramenti, tunda lisilostawi Usukumani. Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliruhusu mafuta mengine ya mimea yatumike katika Mpako wa Wagonjwa pale zeituni zinapokuwa ngumu kupatikana. Kwa mkemia tofauti ni ndogo: zeituni zimejaa asidi ya oleiki, yenye bondi maradufu moja, pamba ina linoleiki yenye mbili.

*

Wakati wakulima wa Usukuma wakibishana juu ya mizani, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Vita ya Pili ilikuwa imekata biashara ya Asia, na mgao wa mafuta ya kula uliendelea baada ya amani. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni ya kundi la Unilever, alipendekeza Tanganyika ilimwe karanga kwa matrekta. Serikali iliridhia ekari zaidi ya milioni tatu kwa gharama ya pauni milioni 25. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikafuata Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu hata karanga hazikung'oka, mchanga wake ukayala majembe, mvua ikakosekana. Mradi ulifutwa Januari 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikaandikwa hasara. Lililokuwa likitafutwa kwa matingatinga lilikuwa trigliseridi. Mbuga za Usukuma zilikuwa tayari zikiitoa kwa jembe la mkono, kama mazao ya pembeni ya nguo.

Kabla ya hapo viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vimepata njia ya kuyafanya mafuta ya maji yawe magumu. Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza mwaka 1902: mafuta yakipashwa moto pamoja na hidrojeni na nikeli, bondi maradufu hufunguka na mnyororo kunyooka. Mwaka 1911 Procter & Gamble wakauza Crisco, mafuta ya kupikia yaliyotengenezwa kwa mbegu za pamba. Afrika Mashariki ilipata Kimbo. Ugumu ulisaidia biashara: mafuta hayamwagiki, hayavundi upesi, yanafanana na samli kwa sura. Gharama ilijulikana baadaye. Kazi hiyo ikiishia njiani, baadhi ya bondi hujipindua na kuwa mafuta ya trans, ambayo huharibu mishipa ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziyaondoe kabisa.

Inafaa kuongeza kwamba ng'ombe alimtangulia Normann kwa milenia nyingi. Mashudu ya pamba, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, ndiyo lishe inayonenepesha ng'ombe wa Mwanza na Shinyanga kabla ya kupelekwa mnadani na machinjioni. Ndani ya tumbo lake la kwanza, vijidudu huifunga gosipoli isimdhuru, halafu huchukua linoleiki iliyobaki katika mashudu na kuijaza hidrojeni. Mafuta yaliyoingia yakiwa kimiminika yanatoka yakiwa shahamu ngumu nyeupe. Ndiyo maana nyama ya ng'ombe aliyekula mbegu za mafuta bado huganda kwenye sahani ikipoa.

Na watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, mioyo yao ikoje? Madaktari wa Afrika Mashariki waliuliza swali hilo mapema kuliko wengi. Gerald Shaper, akiwa Makerere, aliwachunguza Wasamburu wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. George Mann kutoka Marekani alikuja kwa Wamasai wa Tanganyika, na mwaka 1964 akaandika kwamba kolesteroli katika damu yao iko chini, licha ya maziwa mengi. Miaka minane baadaye uchunguzi wa mioyo ya Wamasai waliofariki ulionyesha kwamba utando wa mafuta ulikuwepo mishipani, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Sehemu ya maelezo inaonekana kuwa ni miguu: watu hao walitembea sana. Michael Crawford, naye wa Makerere, alilinganisha nyama ya wanyamapori na ya ng'ombe wa zizini, akakuta mafuta ya mnyama wa mwituni yana asidi zisizoshiba nyingi zaidi.

Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliobeba jina la kijiji cha Kitanzania, Lugalawa, katika Ludewa. Watafiti waliwalinganisha wanakijiji wanaokula mimea na ndugu zao wa kando ya Ziwa Nyasa wanaokula samaki kila siku. Waliokula samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini na mafuta ya damu yaliyo nafuu, na asidi za omega-3 kutoka ziwani zilionekana wazi katika damu yao. Upande wa Ziwa Victoria, lipidi, yaani mafuta na jamii yake, ziliamua hata namna ya kuhifadhi samaki. Dagaa mdogo huanikwa juani akakauka. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, ana mafuta mengi mno. Hukaushwa kwa moshi wa kuni, na mapanki yanayobaki viwandani Mwanza hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe.

*

Kolesteroli imepata jina baya, lakini bila hiyo hakuna seli ya mnyama inayosimama. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Evert Gorter na François Grendel, walitoa lipidi kutoka chembe nyekundu za damu na kuzitandaza juu ya maji. Walikuta zinafunika eneo mara mbili ya uso wa chembe zenyewe, wakahitimisha kwamba kila chembe imezungukwa na tabaka mbili za lipidi. Fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ndani ya maji zinajipanga zenyewe, vichwa nje, mikia ikitazamana katikati, kama wali uliofunikwa kati ya majani mawili ya mgomba. Kolesteroli hukaa kati ya mikia hiyo na kuuzuia utando usiwe mlaini mno wala mgumu mno. Mwaka 1972 Singer na Nicolson walieleza kwamba protini huelea ndani ya utando huo, zikihama huku na kule. Kutokana na kolesteroli mwili hujenga pia homoni za uzazi, nyongo, na vitamini D ngozi inapopigwa jua.

Utando huo ni mlango mgumu kwa chumvi na sukari, lakini uko wazi kwa chochote kinachoyeyuka katika mafuta. Hapo ndipo historia ya lipidi inapokutana na dhahabu ya Geita. Mchimbaji mdogo hukusanya dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke wa zebaki hauna chaji. Akiuvuta, unapita utando wa mapafu, unaingia damuni, unavuka kizuizi cha ubongo, ambao zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni lipidi. Ukishaingia ndani ya seli hugeuzwa kuwa na chaji, na sasa hauwezi kutoka kirahisi. Mikono huanza kutetemeka. Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji huko Geita, kilikuwa mojawapo ya vituo vya mradi wa kimataifa wa zebaki wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 2000, na watu wake walipimwa afya. Dawa ya DDT, iliyopuliziwa pamba ya Usukuma kwa miaka mingi, inatumia mlango huo huo. Haimalizwi na maji wala mkojo. Hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka katika maziwa ya mama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta ya kula yalikuwa adimu Tanzania nzima, pamoja na sabuni na sukari, na mwaka 1983 operesheni dhidi ya wahujumu uchumi iliwasaka walioyaficha. Biashara ilipofunguliwa, mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yaliingia kwa wingi, na kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya mafuta yaliyoliwa nchini yaliagizwa. Katika maduka ya Ngokolo, kama katika maduka ya mitaa mingine ya nchi, mwenye fedha kidogo hununua mafuta ya kupima: muuzaji huyachota kutoka kwenye dumu, mteja huondoka nayo kwa siku moja.

Mwaka 2011 serikali ilitunga kanuni za kuongeza virutubisho katika vyakula, na mafuta ya kula yakatakiwa yawe na vitamini A. Viwanda vikubwa viliweza. Mashine ndogo za kukamua alizeti vijijini zilibaki nje, ilhali mafuta yake ndiyo yanayofika kwa wengi wenye upungufu. Kwa ajili hiyo, katikati ya muongo huo, mradi ulioitwa MASAVA, kifupi cha Mafuta Asili ya Alizeti yenye Vitamini A, ulifanyika Manyara na Shinyanga. Shirika la MEDA, Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Waterloo cha Canada viliwasaidia wakamuaji wadogo kuongeza vitamini kwenye alizeti isiyosafishwa, na wanunuzi wakapata punguzo la bei kwa vocha za simu dukani. Kilichomiminwa katika mapipa ya wakamuaji kinaitwa retinoli palmiti: vitamini A iliyounganishwa na ile asidi ya kaboni 16 iliyo katika samli, nta na mbegu ya pamba, ili iwe imara zaidi na iyeyuke katika mafuta. Adui yake ni mwanga, na mafuta mengi bado huuzwa katika chupa angavu zilizopangwa mbele ya duka.